Wadudu wa malaria walionyofolewa jeni, na kwanini mi nataka wafike mpaka huku kwetu

Juzi kwenye grupu la ukoo mtu katupia picha ya mkono wa mzungu umelazwa juu ya kibakuli kimefunikwa wavu, ndani mbu wamejaa, na chini maandishi kwamba Uholanzi wanang'atisha watu mbu wenye malaria "iliyotengenezwa maabara". Basi grupu likawaka moto. Mjomba wa Sengerema akasema ndo yale yale ya kutupunguza, mama mdogo akauliza jamani sisi tunawakimbia mbu wao wanawapelekea mkono kabisa, halafu kama kawaida ikafika pale pa "si tuna mtoto wetu maabara, atuambie". Huyo mtoto ndo mimi, na jibu la kutuma kwenye grupu lilikuwa refu mno kwa kidole gumba, kwahiyo nimelileta hapa: hao mbu ni jaribio la chanjo ya malaria.

Nianze na kazi yangu maana humo ndo nilipoanzia kuijali hii stori. Mi niko maabara ya zahanati huku Ilemela, Mwanza, siku hizi malaria tunapima zaidi kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, ila hadubini bado ipo na bado naipenda. Ukishapaka damu kwenye slaidi, ukaitia rangi ya Giemsa, ukasubiri, ukaosha, ukaweka tone la mafuta na kuinama, unawaona: kipete chembamba cha bluu chenye nukta moja ya zambarau, kimejibanza ndani ya chembe nyekundu ya damu utadhani kimechorwa kwa kalamu. Mgonjwa anatoka hapo anamwambia mwenzake kwenye benchi "nimekutwa na malaria tano". Wote tunajua hiyo lugha, malaria mbili, malaria tano, na wala sijawahi kujisumbua kuibishia.

Lakini kile kipete nikishakiona, mambo yameshaharibika siku nyingi. Mbu jike akikuuma anakuachia vimelea vichache tu kutoka kwenye mate yake, mara nyingi hata mia havifiki, na hivyo havikai kwenye damu, vinakimbilia ini. Huko vinajichimbia karibu wiki nzima, we hujisikii kitu, homa hamna, kichwa hakiumi, unakula samaki wako na ugali safi kabisa, huku kimelea kimoja kilichoingia kwenye seli moja ya ini kinazaa maelfu kwa maelfu. Siku seli ikipasuka ndo wanamwagika kwenye damu, na siku chache baadaye ndo unaanza kutetemeka na unakuja kwangu. Yaani mi na hadubini yangu tunawakuta wakiwa jeshi. Walipokuwa wachache, wamejificha ini, hakuna kipimo changu chochote kinachowaona.

Sasa hiyo wiki moja ya ini ndo hawa watafiti wa chanjo wanaicheza.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 1967 mama mmoja mtafiti wa New York, Ruth Nussenzweig, alichukua vimelea vya malaria ya panya akavipiga mionzi, akawadunga panya, na wale panya baadaye walipopewa malaria nzima nzima hawakuugua. Na hiyo malaria ya panya haikutoka mbali, ilipatikana Katanga, Kongo, kwenye panya wa vichakani miaka ya 1940, majirani zetu kabisa hawa. Kufika 1973 wakaonyesha kwamba hata binadamu akiumwa na mbu waliopigwa mionzi, mara nyingi sana, mamia ya kuumwa, anapata kinga. Kimelea kilichojeruhiwa kinafika ini, kinakaa kidogo, kinakufa, na mwili unakuwa umeshakisoma.

Shida ya mionzi ni kwamba huwezi kuipima kwa kila mdudu, yaani kimelea, mmoja mmoja. Ikiwa kidogo, mmoja wao anapona na kukuletea malaria ya kweli. Ikizidi, wanafia njiani hata kabla ya kulifundisha ini kitu. Kwahiyo swali likawa, badala ya kumjeruhi mdudu ovyo, si tumnyofoe kitu kimoja tu kinachojulikana, tena kile ambacho hawezi kuishi bila hicho akishafika ini?

Hapo nitakaa kidogo maana ndo utamu wenyewe.

Ili umbadilishe kimelea inabidi kwanza uweze kumfuga. Kumfuga falsiparum, aina ya kimelea cha malaria anayetuua zaidi, iliwezekana 1976, watafiti Trager na Jensen wa Chuo cha Rockefeller, New York, walipogundua namna ya kumlea kwenye chupa yenye damu ya binadamu na hewa yenye oksijeni kidogo. Mpaka leo maabara nyingi duniani zinamfuga mmoja anayeitwa NF54, na stori yake huwa inanichekesha: alitolewa kwa mgonjwa wa Uholanzi aliyekuwa anaishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi yake. Mbu alisafiri na ndege, akashuka, akamuuma. Kwa hiyo hata huyo mdudu wa kizungu wa kwenye picha ya grupu, kwa asili inaelekea kabisa ni wa huku huku Afrika, alikwea ndege bila tiketi akarudi kwenye habari kama mgeni.

Halafu 2002 ramani nzima ya vinasaba vya falsiparum ikatoka, kromosomu 14 na jeni zaidi ya 5,000, kila jeni ni kama agizo moja la mwili wake. Ukiwa na ramani unaanza kuuliza moja moja: hili linafanya nini, nikilitoa inakuwaje? Wanaingiza kipande cha DNA kwenye kimelea kwa mshtuko wa umeme, na siku hizi CRISPR, mkasi wa kukatia DNA, imerahisisha kukata pale pale unapotaka, kisha wanawachuja waliobadilika kwa kuwapa dawa inayoua wasiobadilika. Na hapa mtu wa grupu aliuliza swali zuri kuliko wote, kwamba si basi mnatengeneza malaria sugu? Kwa wale wanaopelekwa kwa binadamu, hilo jeni la kuchujia linaondolewa tena mwishoni, anabaki mdudu aliyepungukiwa tu, bila cha kigeni juu, na dawa za kawaida zinamuua kama kawaida.

Sasa ujanja upo kwenye kuchagua jeni la kutoa. Ukitoa jeni analolihitaji kwenye damu, hutaweza kumfuga kwenye chupa. Ukitoa analolihitaji akiwa ndani ya mbu, hutapata mbu wa kumsafirisha. Lazima utafute jeni ambalo kwenye damu halina kazi, kwenye mbu halina kazi, ila akifika ini ndo anagundua hana. Mwaka 2005 walilipata la kwanza kwenye malaria ya panya, linaitwa UIS3, likatolewa, panya wakalindwa. Nikisoma vitu kama hivi huwa nasimama natembea kidogo nyumba nzima. Mtu amekaa akafikiria maisha yote ya mdudu, kwa mbu, kwa mtu, damu, ini, akatafuta kituo kimoja tu cha kumkwamisha.

Kwa binadamu haikuwa mteremko, na hii sehemu watu wanaopenda kusifia sayansi wanairuka. Marekani walitoa jeni mbili, wakajaribu kwa watu sita, na majibu yaliyotoka 2013 yalionyesha mmoja wao mdudu alipenya akaonekana kwenye damu. Akatibiwa, wakarudi mezani, wakatoa la tatu. Aina hiyo ya jeni tatu walijaribu kwa watu 10, kila mmoja akaumwa na mbu kama 150 hadi 200, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na mdudu kwenye damu, hiyo ilitoka 2017.

Waholanzi wa Leiden na Nijmegen nao wakaja na zao mbili. Ya kwanza, GA1, inakufa ini ndani ya siku moja hivi. Ya pili, GA2, wameitoa jeni moja linaloitwa mei2, na hii inakomaa mpaka siku ya sita, imenenepa, imejaa, bado kidogo tu itoke, halafu inakwama. Wakazipambanisha. Watu waliumwa na mbu 50 kwa awamu, awamu tatu, kisha wakaumwa na mbu wenye malaria kamili. Majibu ya 2024: waliopewa GA1 amelindwa mmoja kati ya wanane. Waliopewa GA2 wamelindwa wanane kati ya tisa. Mdudu ni yule yule, tofauti ni siku tano za ziada ndani ya ini. Na Januari 2025 wakatoa nyingine, safari hii awamu moja tu ya mbu 50 wa GA2, wakalindwa tisa kati ya 10.

Ni watu wachache, najua, usije ukaenda kutangaza kanisani. Ila mi nilivyosoma hiyo namba niliwaza chanjo tulizonazo sasa. RTS,S ilianza kutolewa 2019 Malawi, Ghana na Kenya, na Kenya waliizindulia Homa Bay, ng'ambo hapo ya ziwa letu hili hili, na kwenye maeneo ya majaribio vifo vya watoto vilipungua asilimia 13, hicho sio kitu cha kubeza hata kidogo. Halafu R21 ya Oxford, ambayo sehemu ya majaribio yake ilifanyika Bagamoyo, WHO wakaipitisha 2023. Ni kazi kubwa na mtoto wangu akipata nafasi anachanjwa, sina mjadala. Ila zote mbili zinaufundisha mwili kipande cha protini moja tu ya ganda la mdudu, ni sawa na kumtafuta mtu kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba saa 12 asubuhi kwa kuambiwa tu amevaa shati la bluu. RTS,S kwenye utafiti mkubwa wa miaka minne, kwa watoto waliopata dozi zote nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi. Ile GA2 inamleta mdudu mzima na jeni zake elfu tano pungufu moja.

Na hao wadudu waliobadilishwa wamezisaidia hata hizo chanjo za kipande, kitu ambacho hakisemwi sana. Falsiparum haimshiki panya wa kawaida wa maabara, kwahiyo ukitaka kujaribu chanjo yake kwa panya umekwama, labda uchukue ile malaria ya panya ya Katanga uivalishe protini ya ganda la falsiparum, na ndivyo wanavyofanya. Wengine wanaingizwa jeni la kimulimuli, lile lile linalomfanya awake usiku, halafu panya akilazwa chini ya kamera unaona ini lake linang'aa pale wadudu walipo, chanjo ikifanya kazi mwanga unapungua, na panya mwenyewe hajachanwa. Kimulimuli jamani. Tulikuwa tunawafungia kwenye chupa tukidhani ni taa tu.

Haya, mjomba wa Sengerema sijamsahau, shikamoo mjomba. Hofu yake ni kwamba kitu hiki kikitoroka kitasambaa. Lakini mbu anaokota malaria kwenye damu ya mtu, na huyu mdudu damu hafiki, anafia ini, kwahiyo mbu wa mtaani akimuuma aliyechanjwa hakuna cha kuokota. Na jeni halijazimwa useme litawaka tena siku moja, limetolewa, halipo. Nadhani mjomba anachanganya na wale mbu waliobadilishwa vinasaba, ambao kuna aina inatengenezwa kwa lengo kabisa kwamba sifa yao isambae kizazi hadi kizazi porini. Huo ni mjadala mwingine, na hapo hata mi nina maswali mengi kuliko majibu. Huyu wa ini ametengenezwa asiende popote.

Kinachonikera mimi ni kingine. Karibu majibu yote hayo matamu yametoka kwa Waholanzi na Wamarekani ambao hawajawahi kuugua malaria maishani mwao, na mdudu waliyejaribiwa naye ni ndugu wa damu na yule wa chanjo. Mtu wa hapa Igogo ameshaugua tangu hajaota meno. Mwili wake na malaria wana historia ndefu, na Bagamoyo walishaliona hili: walipojaribu chanjo ya vimelea vizima vilivyopigwa mionzi, ile ya kampuni ya Sanaria, kinga waliyoijenga Watanzania kwa dozi ile ile ilikuwa hafifu kuliko ya Wamarekani. Ule ulikuwa ujumbe mkubwa mno, kwamba anayeihitaji chanjo zaidi ndo inamshika kidogo zaidi, na dozi ya Leiden huwezi kuibeba ukaibandika Ukerewe. Kwahiyo watu wakiniambia "wasije kutujaribia huku" mi nawaza kinyume chake kabisa, wakichelewa kuja tutaletewa kitu kilichopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Na uwezo tunao, tusijidharau. Misungwi hapo, mwendo wa daladala tu, ndo ulifanyika ule utafiti mkubwa wa vyandarua vya dawa mbili, NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakiwemo, majibu yakatoka 2022 kwamba vile vyenye dawa ya klofenapiri vilipunguza malaria kwa watoto asilimia 44 ndani ya miaka miwili ukilinganisha na vya kawaida, na WHO wakabadilisha mapendekezo yao, kazi ya vijiji vya Misungwi ikichangia. Bagamoyo nao wameshawaambukiza watu wa kujitolea malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi, wakawatibu, wote salama.

Kikwazo cha kweli ni usafirishaji. Huwezi kutembeza vibakuli vya mbu 50 kutoka nyumba hadi nyumba, hata mama mdogo atakutimua na fagio. Inabidi vimelea vitolewe kwenye tezi za mate za mbu, kazi ya mikono, mbu mmoja mmoja chini ya hadubini, visafishwe, viwekwe kwenye vichupa na vigandishwe kwenye nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi zaidi ya 150 chini ya sifuri. Watu wa mikutano wakifika hapo wanasema Afrika haiwezekani. Sasa mi kwetu ni wafugaji, na nimekua nikimwona mtaalamu wa uhimilishaji anakuja kijijini na pikipiki, nyuma kafunga mtungi wa nitrojeni, anafungua unatoka moshi mweupe watoto tunarudi nyuma, anachomoa mrija wa mbegu za dume ambalo hatutalijua, anamhudumia ng'ombe, anafunga anaondoka. Kama mbegu ya fahali inafika kijijini na pikipiki, sielewi kichupa cha chanjo kinashindwa nini. Ghali, ndiyo. Haiwezekani, hapana.

Ninaowaza kwanza sio watoto peke yao. Nawaza wavuvi wa dagaa. Chandarua kizuri kiasi gani hakipandi mtumbwini, na mtu anayeshinda kambini Ukara au Goziba anafanya kazi usiku kucha na kulala mchana, saa za mbu yeye yuko mwaloni anapanga nyavu na taa. Wanakuja kwangu wamekauka midomo, wamemeza mseto nusu dozi wakabakiza nusu kwa safari nyingine, na huku Kagera tayari imethibitika kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hizo hizo za mseto. Hizi chanjo za sasa zinalenga watoto wadogo, mvuvi wa miaka 25 hayumo kwenye hesabu. Chanjo ya awamu moja inayomfundisha ini lake mdudu mzima ingekuwa ya kwake hasa.

Kwahiyo nilichoandika kwenye grupu mwishoni ni kifupi. Kwamba siku wakija kutafuta watu wa kujitolea kanda ya ziwa mi jina langu liandikwe, ila nitauliza fomu iko kwa Kiswahili kinachosomeka au kile cha kortini, nani ananitibu usiku wa manane kama mmoja akipenya, na majibu tutarudishiwa sisi au tutayasoma kwenye picha za kutumiwa. Na kama kweli wanawataka wavuvi, waje wiki ya mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa na mitumbwi yote iko nchi kavu. Mjomba amesoma, hajajibu. Mama mdogo kauliza posho ni shilingi ngapi.